Ardhi Kwanza, Cheti Baadaye

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwavusha mpaka maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, wakaingia magharibi mwa Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaacha wakae kwenye mahema wakingoja mgawo miaka nenda miaka rudi. Iliwapa pori wafyeke: Ulyankulu mkoani Tabora, halafu Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Kila kaya ilikatiwa shamba. Wakalima mahindi, maharage na mihogo, na tumbaku ya kuuza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe.

Hata hivyo, kisheria walibaki wakimbizi, pamoja na watoto wao. Kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuimba wimbo wa taifa kila asubuhi, alitakiwa kuomba kibali kabla ya kutoka nje ya makazi. Tanzania ndiyo nchi pekee aliyoijua.

Mwaka 2007 ukaja uamuzi ambao nchi chache zimewahi kuthubutu kuufanya: kila mmoja achague kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa.

Ndipo likaja sharti. Ili wapewe vyeti, walitakiwa kuhama makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine. Hoja ilieleweka: serikali haikutaka raia wapya wabaki kundi moja lililojitenga. Kwa maoni yangu hoja hiyo ilikosea mahali pa msingi. Kilichowageuza watu hawa kuwa wenyeji ni lile shamba: makaburi ya wazazi yako pale, miembe iko pale, mnunuzi wa tumbaku anawajua. Ukimng'oa mkulima hapo umpeleke wilaya asiyoifahamu, unamfanya mgeni kwa mara ya pili.

Na kungoja kulikuwa na gharama. Sheria iliwataka waukane uraia wa Burundi, na cheti cha Tanzania hawajakishika. Bila cheti, mtu hakuwa na cha kuonyesha ofisini kwamba ni raia. Tena, nani apande mwembe bila kujua kama atakuwepo ukianza kuzaa?

Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti. Nausifu uamuzi huo bila kusita, ingawa ulichelewa.

Lakini uliwahusu watu wa makazi yale matatu tu. Wenzao wa 1972 waliopokelewa na wanavijiji wa Kigoma, wakapewa mashamba na majirani bila mkono wa serikali, hawakuwamo katika hesabu hiyo. Kwa kipimo chochote cha kuishi pamoja, hao ndio waliokuwa wametangulia.