Maji Baridi ni Yapi? Chumvi ya Tangi la Samaki wa Bahari Mjini Nyeri

Makala haya yanahusu namna ya kudumisha kiwango cha chumvi katika tangi la samaki wa baharini maji yanapobadilishwa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili aishiye mlimani, jambo hilo linaanza na msamiati.

Rafiki yangu mmoja mjini Nyeri alinunua tangi la lita 100, samaki kadhaa na kiti cha pweza mmoja. Muuzaji, mzaliwa wa Pwani, alimwagiza kwa simu: "Maji yakipungua, jazia maji baridi." Kwa Mswahili wa Pwani, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa na uvuguvugu. Kwa mkaazi wa Nyeri, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji baridi ni yale yanayotia vidole ganzi asubuhi ya Julai. (Trauti wa mto Gura ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili.) Rafiki yangu akajazia maji ya chumvi yaliyolala nje kwenye ndoo. Mwezi haukwisha kabla kiti cha pweza hajafa.

Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Tuchukulie kwamba lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Tangi lake basi lilikuwa na kilo tatu unusu. Kila juma lilipoteza lita tano, naye akazirudisha kwa maji ya chumvi, yaani akaongeza gramu 175. Baada ya majuma manne, gramu 35 kwa lita zilikuwa zimefika 42. Samaki wa baharini huweza kudhibiti chumvi ya miili yao kwa kiasi fulani. Kiti cha pweza hana uwezo huo.

Utaratibu ufaao ni kutia alama kwenye kioo, kujazia kwanza maji yasiyo na chumvi hadi kwenye alama, ndipo uteke, tuseme, lita kumi za kubadilisha. Ukiteka kabla ya kujazia, hesabu yote inavurugika. Maji mapya yachanganywe na chumvi maalumu ya bahari, si ya mezani, na maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza.

Hapa baridi ya Nyeri inarudi tena. Haidromita, yaani kipimo kinachoelea, hutengenezwa kwa kiwango maalumu cha joto, mathalani nyuzi 25. Maji ya nyuzi 15 ni mazito zaidi, kwa hiyo kipimo hudanganya kwamba chumvi imetosha ilhali imepungua kwa takriban gramu tatu kwa lita. Pasha maji kwanza hadi yalingane na ya tangi, kisha upime.

Kwa maoni yangu, maelekezo ya bara yangetumia "maji yasiyo na chumvi", ijapokuwa ni marefu. Rafiki yangu alichagua "maji matamu" na kuyaandika kwenye ndoo. Mamake akauliza ametia sukari kiasi gani.