Uwezo, Ruhusa na Ufahamu: Makro za Zamani katika Programu Mpya

Kila mwaka inapokaribia tarehe 30 Juni, vyumba vya kompyuta vya kulipia katika mtaa wa Kariobangi, mashariki ya jiji la Nairobi, hujaa watu. Wengi wao ni wenye maduka, washonaji, na mafundi wa vyuma kutoka sehemu ya viwanda vidogo vidogo, na haja yao ni moja: tarehe hiyo ndiyo ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Asiyekuwa na mapato yoyote hujaza taarifa tupu papo hapo mtandaoni, akaenda zake. Mwenye biashara, kwa upande wake, tangu mfumo wa iTax ulipoenea katika muongo wa 2010, amezoea kupakua fomu ambayo kwa hakika ni kitabu cha lahajedwali chenye makro ndani yake. Makro hizo ndizo zinazokagua yaliyojazwa, na mwishoni, kitufe cha uhakiki kinapobofywa, ndizo zinazotengeneza faili la kupelekwa katika mfumo. Zisipofanya kazi hakuna faili, na pasipo faili hakuna taarifa. Naye aliyechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Kompyuta ikigoma, kauli inayotolewa ni fupi: makro zimekataa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kauli hiyo moja yamejificha mambo yasiyofanana, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyatenga, ila hayajatumiwa ipasavyo.

Makro ni matini. Ni mfululizo wa amri zilizoandikwa kwa lugha yenye msamiati na sarufi yake, nazo husomwa na programu kama vile barua inavyosomwa na aliyeandikiwa. Katika Excel lugha hiyo ni VBA, iliyoingizwa mwaka 1993; kabla yake palikuwa na lugha nyingine ya makro, ya toleo la nne la mwaka 1992, ambayo haikufutwa bali iliachwa ikiishi pembeni. Hivyo msomaji mmoja amebeba lugha mbili za vizazi viwili.

Sasa, matini ya kale yaweza kumshinda msomaji mpya kwa sababu ya msamiati. Excel ya mwaka 2007 iliiondoa amri iliyoitwa FileSearch, iliyokuwa ikitumika kutafuta mafaili. Makro yoyote iliyoitaja ilisimama pale pale kwenye neno hilo. Yaweza pia kumshinda kwa sababu ya sarufi. Toleo la 2010 lilipotolewa kwa mara ya kwanza katika umbo la biti 64, kila makro iliyoita huduma za mfumo wa Windows ilipaswa kuongezewa neno PtrSafe katika tamko lake. Pasipo neno hilo, sentensi iliyokuwa sahihi kwa miaka mingi ikahesabiwa kuwa na kosa. Katika hali zote mbili kinachokosekana ni uwezo: msomaji hawezi kuelewa alichoandikiwa.

Ama lile linaloisumbua Kariobangi zaidi si hilo. Baada ya virusi vya makro kuenea katika miaka ya 1990, Melissa wa mwaka 1999 akiwa mashuhuri kuliko wengi, watengenezaji wa programu walianza kuzitilia makro shaka. Kwa muda mrefu shaka hiyo ilikuwa onyo tu, lenye kitufe cha kulipuuza. Mwaka 2022 Microsoft ilibadili desturi: faili lililotoka mtandaoni likifunguliwa, makro zake huzuiwa, na ule utepe mwekundu wa onyo hauna kitufe cha kuziruhusu. Hapana budi mtumiaji alifunge faili, afungue sifa zake, aondoe kizuizi, ndipo alifungue upya. Fomu ya kodi, kwa kuwa hupakuliwa mtandaoni, huangukia katika hukumu hiyo hiyo. Makro yenyewe ni nzima. Kila neno lake linaeleweka. Haina ruhusa ya kusema, basi.

Hapa ndipo istilahi inapoleta matatizo. Kitenzi cha Kiingereza kilichoandikwa katika maonyo hayo aghalabu hutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa “kuwezesha”. Tafsiri hiyo ni sahihi kikamusi, lakini inampoteza mtu. Anayeambiwa awezeshe makro hudhani kwamba makro haina uwezo, akatafuta programu mpya zaidi, au akaitupa fomu na kuipakua tena, na kila anapoipakua hurudi na kizuizi kile kile. Angeambiwa “aruhusu makro”, angetafuta mahali pa kutoa ruhusa. Kiswahili hutenga kuweza na kuruhusiwa bila taabu yoyote. Ni tafsiri ndiyo iliyochanganya.

Kuna na hali ya tatu, nayo ni mbaya kuliko hizo kwa kuwa haina ukelele. Makro huweza kusoma, ikasoma visivyo. Tarehe 03/04 ni tarehe tatu Aprili kwa Mkenya. Katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani ni tarehe nne Machi, wala hakuna onyo litakalotokea. Ikiwa 25/04, kompyuta hiyo haioni tarehe kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano. Jambo la kulirekebisha hapo ni mpango wa eneo katika kompyuta, si makro. Utangamano wenyewe nao hutunza makosa: Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, Excel ikaiga ili mahesabu ya kale yalingane, na hata leo tarehe 29 Februari 1900, ambayo haikuwapo duniani, imo katika lahajedwali.

Yafaa kukumbuka kwamba lugha ya makro ilipata kutafsiriwa. Katika matoleo ya 1993 na 1995 Mfaransa au Mjerumani aliweza kuandika VBA kwa lugha yake. Toleo la 1997 liliikomesha desturi hiyo, kwani matini iliyoandikwa Paris haikusafiri vyema. Majina ya kanuni za hesabu yalisalimika, kwa sababu huhifadhiwa kwa umbo lisilo na lugha na kuvishwa neno la wenyeji yanapoonyeshwa: SUM humtokea Mfaransa kuwa SOMME. Kiswahili kiliingia katika uwanja huu mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikatafsiriwa katika menyu na maonyo. Amri za makro zilibaki Kiingereza.

Fomu ya kodi imekuwa ikitolewa pia katika umbo la ODS kwa wenye LibreOffice au OpenOffice. Hilo si pambo. LibreOffice huielewa VBA kwa sehemu tu, kama msemaji wa lahaja jirani, na mwenye kuifungulia fomu ya Excel hufika katikati akakwama. Lakini hata fomu yake mwenyewe hunyamaza mwanzoni, kwa kuwa kiwango cha usalama wa makro huwekwa juu tangu programu inapopandishwa. Mhudumu hukishusha hadi cha kati, akalifunga faili na kulifungua tena, ndipo akaulizwa kama anaziruhusu makro.