Hospitali ya Kufundishia Nyanda za Juu Kusini: Kweli au Si Kweli?

Msimu wa mahafali ukifika Iringa na Mbeya, si ajabu risala kwa mgeni rasmi ikabeba ombi kubwa: serikali isaidie kupata hospitali ya kufundishia madaktari. Ombi hilo ni la haki, na mimi ni mmoja wa wanaoliunga mkono. Ila limezungukwa na imani kadhaa zinazolidhoofisha.

"Jengo likisimama, hospitali imepatikana." Si kweli, na ushahidi ni hospitali ya Mloganzila. Hospitali ile ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini ili iwe ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Rais John Magufuli aliizindua Novemba 2017. Mwaka uliofuata uendeshaji wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kuta na vitanda vilibaki vilevile. Aliyebadilika ni mwendeshaji. Ugumu huanza baada ya utepe kukatwa: nani anawalipa wauguzi wa zamu ya usiku, nani ananunua dawa za usingizi, nani anaitengeneza mashine ya CT-Scan ikiharibika. Mfadhili anaweza kutoa fedha za ujenzi mara moja akaondoka. Mishahara inatakiwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo mkono wa serikali unapohitajika zaidi.

"Serikali haisaidii hospitali za dini." Si kweli kabisa. Imani hii inawakatisha tamaa watu wa Iringa, mji wenye Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri na Ruaha cha Wakatoliki. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na makanisa, lakini ni hospitali ya rufaa ya kanda na ina watumishi wanaolipwa na serikali. Bugando ya Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikataifishwa mwaka 1972, ikarudishwa kanisani mwaka 1985 kwa makubaliano kwamba serikali iendelee kushiriki kuiendesha. Zote mbili zina vyuo vikuu vya udaktari leo. Tena si lazima kwenda Moshi wala Mwanza: Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ni ya Wakatoliki na imekuwa hospitali teule ya wilaya. Njia ipo na imekwishapitiwa.

"Mbeya kuna hospitali ya rufaa, nyingine ya nini?" Hapa kuna nusu ya ukweli, tena nusu nzito. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, inapokea wagonjwa wa mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina chuo cha afya jijini humo. Wagonjwa wapo, na mwanafunzi wa udaktari hujifunzia kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa Mbeya, basi, ningeanza na kuipanua hospitali iliyopo. Lakini Iringa iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Hakuna mwanafunzi atakayeamka Iringa akawahi raundi ya asubuhi Mbeya. Iringa inaweza kuanza kwa mkataba na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Tosamaganga, ujenzi ukafuata kwa awamu.

"Madaktari wasio na ajira wamejaa, tusifundishe wengine." Kweli, wapo vijana waliosoma miaka mitano, wakamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na bado wanasubiri ajira. Mabingwa, hata hivyo, ndio wachache, na bingwa hapatikani bila hospitali ya kumfundishia.

"Anayefundishwa huku hubaki huku." Kwa sehemu ni kweli. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na 2021, linashauri vyuo viwe karibu na vijijini na wanafunzi watoke huko, kwa kuwa hilo huongeza uwezekano wa wao kubaki.

"Mgeni rasmi akiahidi, mambo yamekwisha." Si kweli. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kisichokuwa kwenye bajeti hakilipwi. Hospitali ya kufundishia inazigusa wizara mbili: vyuo viko chini ya Wizara ya Elimu, na hospitali za rufaa chini ya Wizara ya Afya. Hospitali ya wilaya ikihusika, TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, nayo inaingia. Ombi lililopelekwa mlango mmoja tu hukwama.

Kwa hiyo, viongozi wa vyuo vya Iringa na Mbeya, andiko lenu lianze na ikama: madaktari bingwa wangapi, wauguzi wangapi, nani atawalipa. Ramani ya jengo ije nyuma yake.