Tajiri wa Golf naye ni mtu

Katika Golf, mtaa wa wenye nafasi jijini Lubumbashi, kuta zimekwenda juu na mageti ni ya chuma. Wanaotoka mitaa ya Katuba na Kenya kwenda kufanya kazi huko hurudi jioni na hukumu zao: huyu kanenepa kwa rushwa, yule kwa jasho la wachimbaji. Mara nyingi hukumu hizo zina ukweli. Lakini mwandishi wa hadithi fupi akiziandika zilivyo, hadithi imekwisha kabla haijaanza, maana msomaji hakuachiwa la kuamua.

Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2025, alilijua hilo. Katika *Le Bel Immonde*, riwaya fupi ya mwaka 1976, waziri anampenda mwanamke wa baa, huku waasi wa kabila la mwanamke huyo wakimtaka ampeleleze waziri. Mudimbe angeweza kutupatia fisadi na mhanga wake, tukajua wa kumlaani. Badala yake ametupatia watu wawili wanaopendana na kutumiana kwa wakati mmoja, na kila tukitaka kuegemea upande mmoja, upande huo unateleza.

Riwaya ina kurasa za kumfuata mtu hatua kwa hatua. Hadithi fupi pengine ina jioni moja tu. Ndiyo maana utata wa mhusika wake hauna budi kuonekana katika uamuzi mmoja unaomgharimu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa *départ volontaire*, yaani kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mmoja wao, katika hadithi yetu, sasa ni mzee anayelinda geti huko Golf. Bosi wake hununua kobalti kwa wachimbaji wadogo, na mizani ya depo yake imechezewa. Mzee anajua, kwa kuwa alipima madini nusu ya maisha yake. Mwanawe ni mmoja wa wanaouza pale. Lakini bosi huyohuyo anamsomesha binti wa mzee, na mke wa mzee alipozidiwa usiku, gari la bosi ndilo lililomwahisha hospitali. Jioni moja kijana anafika getini: "Baba, ile mizani iko sawa?"

Hapo ndipo kalamu hupimwa. Njia rahisi ya kwanza ni kuufanya wema wa bosi kuwa chambo. Sivyo; mwacheni bosi amjali kweli yule binti, kisha asubuhi aende kuwapunja wachimbaji bila kuona mgongano wowote. Njia rahisi ya pili ni kumsamehe mzee kwa sababu ni maskini. Umaskini unaeleza kwa nini angenyamaza, lakini gunia linalopunjwa ni la mwanawe, na mwandishi lazima amwonyeshe kijana huyo akihesabu pesa zisizotosha kodi ya nyumba. Kumwelewa mkosaji bila kumsahau aliyekosewa: kazi yote iko hapo, na ni ngumu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya historia yetu. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa huku kwetu Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa. Ili jirani atolewe nyumbani mwake, ilitosha kumwita kwa kabila lake. Mengine yote aliyokuwa, fundi, mwalimu, mama wa watoto, hayakuhesabiwa tena. Hadithi fupi haiwezi kuzuia siasa ya namna hiyo peke yake. Inaweza kumzoeza msomaji kudai maelezo zaidi kila anapoambiwa kwamba mtu fulani ni mbaya, na basi. Mwandishi wa Lubumbashi anayemtendea haki tajiri wa Golf, mlinzi wake na mchimbaji anayepunjwa, anaujenga mji huu.