Watalii waja Geita, kuta za gesti bado

Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, msafiri wa Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko. Kwa wenye gesti na hoteli, hiyo ni habari njema. Hadi sasa biashara ya vitanda Geita na Kahama imeishi kwa madini: wakandarasi wa migodi, wanunuzi wa dhahabu, wageni wa Maonesho ya Teknolojia ya Madini. Uzalishaji wa mgodi wa Buzwagi ulipokoma mwaka 2021, kila mwekezaji wa Kahama aliona kuwa mgodi una mwisho wake.

Utalii unaweza kuziba pengo hilo, na vivutio vipo. Kuna Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, chenye sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Kuna Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2019. Kuna boma la Wajerumani pale Biharamulo, na Mwadui ya Shinyanga, mji uliozaliwa na almasi aliyoigundua Williamson mwaka 1940.

Ila kwenye hesabu za uwekezaji huo, tetemeko la ardhi halimo.

Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Sekondari kongwe ya Ihungo ikabidi ijengwe upya. Mtikisiko ulisikika hadi Geita na Mwanza.

Walioumia wengi waliangukiwa na kuta. Ukitazama nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa utaelewa: tofali la kuchoma limejengwa kwa udongo, pembe hazikushikana, na renta imeishia juu ya mlango na dirisha. Ardhi ikitikisika, kila ukuta unakwenda upande wake, na ile pembe tatu ya juu, chini ya paa, ndiyo hutangulia kuanguka. Renta ikizungushwa nyumba nzima, nondo zikafungwa vizuri kwenye kona, kuta zinasimama pamoja. Fundi anayejua kazi yake analijua hilo. Tajiri ndiye anayebana nondo.

Geita ina jambo lake la ziada. Wakazi wa jirani na mgodi wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu nyufa wanazosema zinatokana na milipuko ya baruti. Ufa uliopo, uwe umetoka wapi, ni udhaifu ambao tetemeko litaukuta tayari.

Siku 17 kabla ya Kagera, Agosti 24, 2016, Italia ilipigwa na tetemeko la 6.2. Amatrice, mji mdogo wa kale uliokuwa umejaa wageni wa kiangazi, ulibaki kifusi, na karibu watu 300 walikufa katika eneo lote. Norcia, mji mwingine wa kale katika milima hiyohiyo, haukupoteza mtu siku ile. Majengo yake mengi yalikuwa yameimarishwa baada ya matetemeko ya 1979 na 1997. Ukongwe wa jengo, basi, si kisingizio: boma la Biharamulo linaweza kufungwa vyuma bila kupoteza sura yake.

Asiyejenga vizuri asitegemee msaada baadaye. Januari 2017, hayati Rais Magufuli aliwaambia wananchi wa Bukoba waziwazi kuwa Serikali haitawajengea nyumba. Bima nayo isomwe kwa makini, maana bima ya moto si lazima ilipe hasara ya tetemeko.

Halmashauri za Geita, Chato, Biharamulo na Kahama ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi. Ziwatume wahandisi wake kukagua renta kabla ya paa kupanda, na gesti za zamani zikaguliwe kabla ya leseni kuhuishwa. Mwenye gesti asisubiri barua: amwite fundi wiki hii, apande juu ya dari, aone kama renta inazunguka.