Jino Limezibwa, Mbona Bado Linashtuka?

Jino likishtuka baada ya kuzibwa, washauri hawakosekani. Dereva wa bodaboda ana lake, mama ntilie ana lake, na muuza duka la dawa ana lake pamoja na vidonge vya kukuuzia. Kabla ya kumsikiliza yeyote, jiulize mambo matatu: nini kinaliamsha jino, maumivu yanakaa muda gani baada ya kitu hicho kuondoka, na je, wiki hii ni nafuu kuliko iliyopita? Kwa majibu hayo tunaweza kupima kauli za mtaani.

“Linauma kwa sababu daktari kaliharibu.” Mara nyingi si kweli. Chini ya enameli kuna dentini, nayo imejaa vijitundu vyembamba mno vyenye majimaji, vinavyoelekea kwenye kiini cha jino chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Katika miaka ya 1960 Martin Brännström wa Sweden alieleza kwamba majimaji hayo yakisogea ghafla, kwa baridi, hewa au kitu kitamu, mishipa ya fahamu hushtuka. Sasa fikiria jino linavyotendwa siku ya kuzibwa. Mashine huchonga na kutoa joto, hewa hukausha, na ikitumika dawa nyeupe ya kugandishwa kwa taa ya bluu, kwa kawaida hutangulizwa asidi ili dawa ishike. Dawa yenyewe husinyaa kidogo inapoganda. Kiini huudhika, hasa shimo likiwa la kina, kisha hutulia chenyewe. Mshtuko unaokatika ndani ya sekunde chache na kupungua siku hadi siku ni wa kawaida, hata ukichukua wiki mbili hadi nne.

Nimesema mara nyingi, si mara zote. Mate yakiingia shimoni wakati wa kubandika, dawa haishiki sawasawa, na jino kama hilo huenda likahitaji kuzibwa upya.

“Mdudu kabaki ndani.” Uongo, ila ni uongo mkongwe. Wababeli waliandika habari za mdudu wa jino, na ilipofika 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa bado ana kazi ya kuipinga imani hiyo kitabuni mwake. Kinachoozesha jino ni asidi ya bakteria wanaokula sukari tunayoiacha mdomoni. Lakini liko jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi: shimo likikaribia sana kiini, daktari anaweza kuacha kwa makusudi dentini laini kidogo pale chini, maana kuikwangua yote kungekitoboa kiini. Bakteria waliofungiwa humo hukatiwa chakula na kuoza husimama, mradi juu pamezibwa pasipovuja. Kwa hiyo ukisikia “kuna kidogo nimekiacha”, usidhani umefanyiwa kazi ya nusunusu.

“Linauma ukitafuna tu? Utazoea.” Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu watu huvumilia miezi maumivu ambayo yangeweza kuondolewa kwa dakika chache. Mdomo ukiwa bado na ganzi, daktari anakuambia uume meno. Unauma kombo, unajibu “sawa” ili uende zako. Ganzi ikishaisha, lile jino linatangulia kugusana kabla ya mengine. Kimo kilichozidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita kinatosha kulitesa jino kila unapotafuna. Rudi kliniki. Utauma karatasi nyembamba ya rangi, doa litaonyesha palipozidi, na pataparuzwa kidogo, kwa kawaida bila sindano. Ila maumivu yakichoma pale unapoachia kuuma, mwambie daktari hivyo hivyo, kwani huenda jino lina ufa.

“Baridi ndiyo ya kuogopa, moto hauna neno.” Afadhali uigeuze. Baridi inayochoma na kukatika upesi si ya kutia hofu. Chai ya moto inayoacha jino likipwita kwa dakika kadhaa, maumivu yanayokuamsha usiku bila kuguswa, au jino linalopata nafuu tu ukilimwagia maji baridi, hayo yanaashiria kiini kilichoumia kiasi cha kutopona. Hapo tiba ni kusafisha mzizi wa jino au kuling'oa, na kungoja wiki ya nne hakuna maana.

“Nunua antibayotiki umalize mchezo.” Hapana. Kiini kilichovimba hakitulizwi na amoksilini. Parasetamo au ibuprofeni itapunguza maumivu, kwa anayeruhusiwa kuitumia. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito aulize kwanza kuhusu ibuprofeni. Kidonge kimezwe. Aspirini inayobandikwa kwenye fizi huziunguza.

“Dawa za mswaki za meno yenye ganzi ni biashara tu.” Biashara ipo, lakini kazi zinafanya. Nyingine zina nitrati ya potasiamu inayotuliza mishipa ya fahamu, nyingine huziba vile vijitundu. Hutumiwa asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, na ukimaliza unatema bila kusukutua. Aliyejaribu mara mbili akaacha hajaijaribu. Wakati huo huo embe bichi, ndimu na ukwaju vipumzishwe, na mkaa wa kusugulia meno uachwe kabisa.

“Karafuu inatosha.” Nusu kweli. Karafuu ya Pemba ina yujenoli, ambayo hutia ganzi kweli, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini mafuta yake yakiwekwa bila kuchanganywa huunguza fizi, na juu ya jino lililokwisha kuzibwa vizuri hayana njia ya kufikia kiini. Tena yujenoli huizuia ile dawa nyeupe isigande vizuri, kwa hiyo kama umeitia shimoni kabla ya kwenda kuziba, mwambie daktari.

“Limenyamaza ghafla, basi limepona.” Inategemea lilivyonyamaza. Jino lililopona hupunguza kelele polepole. Lililokesha likipwita siku kadhaa kisha likatulia ghafla, lisisikie baridi wala moto, huenda kiini chake kimekufa. Uchungu hurudi baadaye kwa sura nyingine: kijipu kwenye fizi, ladha mbaya ya usaha, jino unalohisi limerefuka. Hata bila dalili hizo, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Ukiona uvimbe unapanda kuelekea jichoni au unashuka chini ya taya, ukapata homa au shida ya kumeza au kupumua, usingoje zamu ya daktari wa meno. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.