Ni Nani Atakayemtunza Mama?

Neno letu la leo lawahusu wengi, ingawa wachache hulisema waziwazi: je, ni halali kwa Mkristo kumpeleka mzazi wake katika makao ya wazee?

Twaijua familia moja ya kanisa letu. Mama yao, mwimbaji hodari katika kwaya ya akina mama, alianza kusahau. Kwanza alisahau sufuria mekoni, kisha majina ya wajukuu. Usiku mmoja alipatikana kando ya barabara kuu, miguu mitupu, akisema anakwenda kumtekea maji mama yake, ambaye alizikwa zamani. Tangu siku ile watoto walimfungia nyumbani walipokwenda kazini. Majirani wakanong'ona habari za uchawi. Na sisi washiriki wenzao tulifanya nini? Tulisema ni aibu kumpeleka mzazi kwa watu baki, kisha tukarudi makwetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejitolea kukaa naye siku moja.

Ndugu, ugonjwa huu si uchawi wala laana. Ni ugonjwa wa ubongo, nao madaktari huuita dimenshia. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Huko Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Basi mnong'ono si jambo dogo. Mpelekeni mzee hospitali kwanza, kwa maana kusahau kwingine huletwa na upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi ya shingoni, au huzuni nzito, na hayo hutibika. Lakini dimenshia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Siku hadi siku mgonjwa huhitaji macho ya mtu, mchana na usiku.

Maandiko yasemaje? Katika Marko sura ya 7, Bwana aliwakemea watu waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Lakini katika Yohana sura ya 19 twamwona Bwana huyo huyo msalabani, mikono yake imepigiliwa misumari, asiweze tena kumtunza mama yake. Hakumwacha. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, mtu aliyemjua vema, naye akampokea nyumbani kwake. Kuacha ni jambo moja, na kukabidhi ni jambo jingine kabisa.

Basi, mkiona hamna budi kutafuta makao, tafuteni kama watu wanaokabidhi. Yako makao ya makanisa, kama yale ya P.C.E.A. huko Thogoto, Kikuyu. Yako pia ya watu binafsi. Ulizeni kwanza kama hupokea wagonjwa wa namna hii. Msitosheke na chumba cha wageni na chai. Rudini saa ya chakula, bila kutoa habari. Je, mzee asiyeweza kujilisha analishwa polepole, au sahani yake huondolewa ingali imejaa? Usiku wako watunzaji wangapi, kwa wazee wangapi? Anayetangatanga huzuiwaje? Wakijibu kwamba hufungwa kamba, au hupewa dawa ya kumlaza mchana kutwa, ondokeni. Pana ua lenye uzio, apate kutembea? Akiugua ghafula, atapelekwa hospitali gani? Ulizeni na habari za lugha, kwa maana wengi hupotewa na lugha walizojifunza ukubwani, wakabaki na ile ya mama. Mtunzaji asiyejua mzee huitaje maji, atajuaje kwamba ana kiu?

Kisha ndugu wote wakae kikao. Andikeni kila mmoja atatoa kiasi gani kila mwezi. Mzigo usimwangukie binti mmoja. Andikeni pia zamu za kumtembelea. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa yake pamoja na Serikali. Kulipa ada hakuwaondoi jamaa katika wajibu huo.

Mwisho tulitubu. Akina mama wa kanisa walishika zamu ya kukaa na mwenzao, na watoto wakapata nafasi ya kutafuta makao bila haraka. Walikataa mawili, wakakubali la tatu. Leo mama yule humwita binti yake "dada," naye binti huitika, "Naam, dada," akampaka mafuta miguuni. Hatulaumu tena. Kila Jumapili mmoja wetu huenda kuketi naye.

Mpenzi msikilizaji, ni mzee gani aliyefungiwa ndani karibu nawe leo? Usiulize kwanza ni kosa la nani. Bisha hodi.

Na tuombe. Ee Baba, wewe huwasahau wasioweza tena kukukumbuka? La, hasha. Utufundishe nasi kutowasahau. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.